Je, Urefu ni Dosari? Mjadala wa Filamu za Kitendi na Funzo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, niruhusu nianze kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Swali la alama 20 liliwataka watahiniwa wajadili ufanisi wa msuko katika riwaya teule. Mmoja wao aliandika kwamba sura za katikati za riwaya hiyo ni ndefu kupita kiasi. Nilipiga mstari mwekundu chini ya sentensi yake, nikaandika pembeni "Hii si hoja", nikaendelea. Sikumtuza hata alama moja. Kosa lilikuwa lipi hasa? Nitalieleza mwishoni, kwa maana sikulitambua hadi nilipojiingiza katika ubishi ambao, kwa mtazamo wa kwanza, hauhusiani na fasihi ya darasani hata kidogo.

Ubishi wenyewe ulizuka katika chumba cha walimu, nao ulihusu filamu. Mwenzetu wa Historia alisema kuwa hakuna sinema inayostahili kuitwa kubwa ikiwa haifiki saa tatu. Mwenzetu wa Hisabati akamjibu kwamba mwelekezi anayeshindwa kumaliza kisa chake kwa saa mbili hajui anachotaka kusema. Wa kwanza akatoa methali: haraka haraka haina baraka. Wa pili naye hakukosa yake: ngojangoja huumiza matumbo. Kengele ililia kabla mshindi hajapatikana. Hata hivyo, niligundua kuwa hakuna aliyekuwa ametaja onyesho hata moja la filamu yoyote. Wote wawili walikuwa wakibishania saa ya ukutani.

Makala haya yanakusudia kuuchukua ubishi huo na kuupa sura ya uhakiki. Tutauliza: je, urefu wa kazi ya sanaa unaweza kuhukumiwa? Kama unaweza, ni kwa vigezo vipi? Na je, mtahiniwa anapata funzo gani kutokana nao?

Filamu ya kitendi ni ipi?

Katika fasihi yetu, tunapotaja utendi tunafikiria utungo mrefu unaosimulia matendo ya mashujaa, vita, au mambo mazito ya dini na jamii. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Filamu ninazoziita za kitendi zimechukua sifa zizo hizo: kisa kinachoenea katika miaka mingi au mandhari mapana, wahusika wengi, shujaa ambaye hatima yake imefungamana na ya jamii nzima, na urefu unaokaribia au kupita saa tatu.

Ni muhimu ufahamu kwamba urefu huo una historia na sababu zake za kibiashara. Katika miaka ya 1950 runinga ilikuwa imeingia katika nyumba za Wamarekani, na kumbi za sinema zikaanza kupoteza watazamaji. Kampuni za filamu zilijibu kwa kutoa kile ambacho runinga ndogo ya sebuleni isingeweza kukitoa: skrini pana, maelfu ya waigizaji, na muda mrefu. The Ten Commandments ilitoka mwaka 1956 na Ben-Hur mwaka 1959, zote zikiwa na zaidi ya saa tatu na nusu. Ben-Hur ilizoa tuzo 11 za Oscar. Miaka minne baadaye, Cleopatra ya mwaka 1963 iligharimu pesa nyingi mno hivi kwamba ilikaribia kuiangusha kampuni ya 20th Century Fox.

Kwa upande mwingine, biashara iyo hiyo inachukia urefu. Ukumbi unaoweza kuonyesha filamu ya saa mbili mara tano kwa siku utaionyesha ile ya karibu saa nne mara tatu tu. Kwa hiyo mara nyingi mkasi unapoingia, haujashikwa na msanii. Msomaji akilisahau jambo hili atadhani kila kilichokatwa kilikuwa kibovu, na kila kilichobaki kilibaki kwa sababu za kisanaa.

Hoja za pande mbili

Wanaozipinga filamu hizi wana hoja tatu zinazostahili kuheshimiwa. Kwanza, wanasema urefu huficha udhaifu: mandhari mazuri ya jangwa au milima huwekwa mahali ambapo uhusika ulipaswa kuwa. Pili, wanadai kuwa urefu hutumiwa kudai heshima, kana kwamba filamu ya saa tatu na nusu ni nzito kwa kuwa tu imechukua saa tatu na nusu. Tatu, mtazamaji ana mwili. Anachoka, anasikia njaa, ana safari ya kurudi nyumbani.

Wanaozitetea nao hujibu kwamba kuna mabadiliko ya mhusika ambayo hayaaminiki yakiharakishwa. Huongeza kuwa jamii nzima haiwezi kuchorwa kwa saa moja na nusu, na kwamba uchovu wenyewe unaweza kuwa sehemu ya maana: mtazamaji aliyevuka jangwa pamoja na shujaa hutua pamoja naye.

Waonaje, msomaji? Nadhani utakubaliana nami kwamba pande zote mbili zinasema kweli kuhusu filamu fulani na uongo kuhusu nyingine. Hivyo basi hatuna budi kuingia ndani ya kazi zenyewe.

Mfano wa kwanza: Seven Samurai na mtoto wake mfupi

Mwaka 1954 mwelekezi wa Kijapani Akira Kurosawa alitoa Seven Samurai, filamu ya dakika 207. Kisa ni chepesi kukieleza. Wakulima wanajua kwamba majambazi 40 watarudi wakati wa mavuno. Wanatafuta samurai wenye njaa wawalinde kwa malipo ya chakula tu. Saba wanapatikana, vita vinapiganwa, samurai wanne wanakufa.

Mwaka 1960 John Sturges alikichukua kisa hicho na kukihamishia Meksiko katika The Magnificent Seven, filamu ya dakika zipatazo 128. Hapa tuna bahati ambayo mhakiki haipati mara nyingi: kisa kimoja kwa vipimo viwili. Nini kilipotea katika dakika hizo karibu 80?

Katika filamu ndefu mna vijana wawili tofauti. Katsushiro ni kijana wa ukoo wa samurai anayempenda binti wa mkulima. Kikuchiyo, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, ni mtoto wa mkulima anayejifanya samurai. Filamu fupi imewaunganisha wawili hao kuwa mhusika mmoja, Chico, ambaye mwishowe anabaki kijijini na mpenzi wake. Ni mwisho mwema, na siwalaumu wanaoupenda. Lakini tazama ulivyogharimu. Katika filamu ya Kurosawa, Kikuchiyo ndiye anayewaambia samurai wenzake ukweli wasiotaka kuusikia: kwamba wakulima ni wajanja na waongo, naam, lakini ni samurai waliowafanya hivyo kwa kuwachomea na kuwapora. Baadaye anampakata mtoto mchanga aliyepoteza wazazi na kulia kwamba yeye mwenyewe alikuwa hivyo. Mtu huyu anakufa vitani na kuzikwa kama samurai, miongoni mwa watu wa tabaka lililomfanya yatima. Kinaya hicho hakiwezi kukaa katika mhusika anayeoa na kubaki.

Zingatia pia kwamba vita vyenyewe vinachelewa sana. Muda mwingi kabla yake unatumika kutafuta samurai, kukagua kijiji na kuwafunza wakulima. Je, huu ni upotevu? La. Vita vinapowadia mvuani, mtazamaji anakijua kijiji kama anavyoijua mitaa ya kwao. Anajua adui atapitia wapi na kwa nini. Hahitaji kuelezwa lolote, na kwa hiyo kasi inaweza kupanda bila yeye kupotea. Vilevile, wanne wanaokufa wote wanauawa kwa risasi, si kwa upanga. Kyuzo, ambaye tulipewa muda mrefu kuustaajabia ustadi wake wa upanga, anaangushwa na mtu aliyejificha na bunduki. Bila ule muda wa kustaajabia, kifo chake kingekuwa hesabu tu.

Sitaki udhani kuwa naisifu kila dakika. Mapenzi ya Katsushiro na binti yule yanarudiwa kwa namna inayofanana, na baadhi ya matembezi yao msituni hayaongezi jipya. Mtu akisema hivyo na kuonyesha maonyesho mawili yanayofanya kazi moja, nitamkubalia.

Mfano wa pili: filamu iliyofupishwa ikawa ndefu zaidi

Mwaka 1984 mwelekezi wa Kiitalia Sergio Leone alitoa Once Upon a Time in America, kisa cha wahalifu wa New York tangu utoto wao hadi uzee. Iliyoonyeshwa Ulaya ilikuwa na dakika 229. Kampuni iliyoisambaza Marekani iliikata ikabaki dakika 139. Haikuishia hapo. Leone alikuwa ameijenga filamu yake kwa mbinu rejeshi: mzee Noodles anarudi mjini mwaka 1968, na kumbukumbu zake zinatupeleka nyuma hadi utotoni na hadi mwaka 1933. Toleo fupi liliyapanga matukio kwa mfuatano wa tarehe.

Mwalimu mwenzangu, huu ni mfano ninaotamani ungeutumia darasani kila unapofundisha mbinu rejeshi. Mara nyingi wanafunzi wetu huandika kwamba mwandishi ametumia mbinu rejeshi "ili kuleta mvuto", wakaishia hapo. Hapa tunaona kazi yake halisi. Katika toleo refu, tunamwona mzee kwanza, tumejaa maswali: alikosa nini? Nani alimsaliti nani? Kila tukio la utotoni tunalitazama tukijua kwamba litaishia katika upweke ule. Katika toleo fupi maswali hayo hayapo. Kilichobaki ni wavulana wanaokua, wanaiba, wanazeeka. Wahakiki wa Marekani walioyaona matoleo yote mawili walilisifu refu na kulilaani fupi, ingawa picha zilizomo zilitoka katika kamera zile zile.

Tunajifunza nini? Kwamba urefu tunaouhisi si urefu wa saa. Taharuki ikiondolewa, dakika 139 zinaweza kulemea kuliko 229.

Mfano wa tatu: pale ambapo mkasi haukuokoa

Usidhani, hata hivyo, kwamba refu hushinda daima. Mwaka 1980 Michael Cimino alitoa Heaven's Gate, filamu ya dakika 219 kuhusu wahamiaji maskini na matajiri wa mifugo huko Wyoming. Ilikuwa imegharimu takriban dola milioni 44, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ilishambuliwa vikali hivi kwamba iliondolewa kumbini baada ya muda mfupi. Ilirudi mwaka 1981 ikiwa na dakika 149, ikaanguka tena. Kampuni ya United Artists iliuzwa mwaka uo huo. Mwaka 2012 toleo refu lililofanyiwa ukarabati lilionyeshwa katika tamasha la Venice, na wengi wakaanza kuitetea.

Mimi bado nimegawanyika. Sherehe ya mahafali inayoifungua filamu ni ya kupendeza, na ngoma yake inajirudia baadaye kwa namna ya wahamiaji wanaocheza kwa viatu vya magurudumu. Huo ni usambamba wa kweli. Lakini wahusika watatu wakuu wanabaki mbali nasi kwa saa zote hizo. Tumepewa vumbi, mwanga na umati. Hatujapewa sababu ya mtu kumpenda mmoja na si mwingine. Kwa hiyo kuikata hakukusaidia, kwa kuwa kilichokosekana hakikuwamo hata katika toleo refu. Mkasi hauwezi kuongeza uhusika.

Lawrence of Arabia ya David Lean (1962) nayo inatuonyesha sura mbili za jambo hili. Lawrence anarudi peke yake jangwani kumwokoa Gasim aliyeachwa nyuma. Onyesho ni refu, na jua linatuunguza sisi pia. Baadaye Gasim anaua mtu, na ili kuzuia vita vya koo, Lawrence analazimika kumpiga risasi mtu yule yule aliyemwokoa. Kata safari ile ya uokozi kwa nusu, na risasi ile itapoteza nusu ya uzito wake. Huo ni urefu uliolipa deni. Hata hivyo, katika filamu hiyo inayozidi saa tatu na nusu hakuna mwanamke hata mmoja anayezungumza, na viongozi wawili wakuu wa Waarabu, Faisal na Auda, waliigizwa na Alec Guinness na Anthony Quinn, ambao hawakuwa Waarabu. Urefu wa kazi si upana wake. Mhakiki aliyevutiwa na jangwa asiache kuuliza ni nani hakupewa nafasi ya kusema.

Mfano wa nne: Sholay na mazoea ya mtazamaji

Wale waliokwenda sinema Mombasa au Nairobi enzi za filamu za Kihindi watashangaa kwamba urefu umekuwa tatizo. Kwao filamu ya saa tatu ilikuwa jambo la kawaida: ilikuwa na nyimbo, vichekesho, machozi na mapumziko katikati. Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka Agosti 1975, ina zaidi ya saa tatu, nayo ilionyeshwa katika ukumbi wa Minerva jijini Bombay kwa zaidi ya miaka mitano.

Wanaoilaumu hutaja vichekesho vya mkuu wa gereza ambavyo havisukumi kisa mbele. Ni kweli havikisukumi. Lakini tazama sarafu ya Jai. Mara kwa mara yeye na rafiki yake Veeru wanapotofautiana, Jai anarusha sarafu kuamua. Tunacheka, tunasahau. Jai anapokufa, Veeru anaichukua sarafu na kugundua kuwa pande zake zote mbili zinafanana: rafiki yake alikuwa akichagua siku zote, hata alipochagua kubaki nyuma afe. Ishara hiyo ilihitaji kurudiwa, na kurudiwa kunahitaji muda. Tena mapumziko yanampa mtazamaji nafasi ya kujadili alichokiona. Si ajabu kwamba Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese ilipotoka mwaka 2023 na dakika zake 206, ubishi mmojawapo ulihusu kumbi zilizotaka kuweka mapumziko pasipo ruhusa. The Brutalist ya mwaka 2024 iliyaweka yenyewe, dakika 15 kamili.

Vigezo vitatu kwa mtahiniwa

Kutokana na mifano hii, napendekeza maswali matatu unayoweza kuyauliza kuhusu kazi yoyote ndefu, iwe filamu, riwaya au utendi.

(a) Tukio hili likiondolewa, mwisho utapoteza nini? Ukishindwa kutaja kinachopotea, una hoja dhidi ya tukio hilo.

(b) Je, marudio yanaongeza au yanarudia tu? Sarafu ya Jai inaongeza. Matembezi ya msituni yanarudia.

(c) Je, muda umembadilisha nani? Mhusika, au uelewa wetu sisi juu yake? Kama hakuna aliyebadilika, saa zimepita bure.

Vigezo hivi havitaumaliza ubishi. Watu wawili wanaweza kuvitumia na kufikia hukumu tofauti kuhusu Heaven's Gate. Lakini watakuwa wakibishana kuhusu filamu, na si kuhusu saa ya ukutani. Kumbuka pia kwamba vinafanya kazi kwa kazi fupi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haifiki beti mia moja, lakini hakuna mhakiki makini anayeiweka chini ya tendi ndefu kwa sababu hiyo. Imechukua nafasi iliyoihitaji.

Hitimisho

Sasa nirudi kwa yule mtahiniwa. Baada ya ubishi wa chumba cha walimu niliitoa riwaya ile rafuni na kuzisoma upya sura za katikati. Nilikumbuka kwamba baada ya sentensi niliyoipigia mstari kulikuwa na nyingine mbili, ambazo niliziruka kwa hasira. Alikuwa ametaja matukio matatu ya mhusika mkuu kufukuzwa kazini, na kusema kwamba la pili na la tatu halitufundishi lolote ambalo la kwanza halikutufundisha. Hicho ndicho kigezo cha pili hapo juu. Kijana alikuwa nacho kabla yangu.

Kwa nini sikukiona? Kwa sababu niliamini, kama mwenzangu wa Historia, kwamba kazi ndefu iliyoteuliwa kutahiniwa ni kubwa kwa ukubwa wake, na kwamba mwanafunzi anayelalamikia urefu ni mvivu wa kusoma. Wapo wavivu, sikatai. Lakini dawa ya mvivu ni kumwuliza "wapi, na kwa nini?", si kumnyamazisha. Aliye mvivu hatakuwa na jibu. Aliyesoma atakuwa nalo, na atastahili alama zake.

Mtahiniwa mpenzi, ukiona kazi ni ndefu mno, sema. Lakini taja sura, taja tukio, onyesha kinachorudiwa, na uonyeshe mwisho ungebaki vilevile bila hilo. Nawe mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika "Hii si hoja" pembeni, tafadhali zisome sentensi mbili zinazofuata.